Mwenye Miguu na Mwenye Gari: Mjadala wa Barabara za Dar es Salaam

Suala lililo mbele yetu ni hili: jiji la Dar es Salaam, ambalo sensa ya mwaka 1967 ililikuta na watu wasiotimia laki tatu, na ile ya mwaka 2022 ikaukuta mkoa wake na watu 5,383,728, litende nini hata mtu aendaye kwa miguu na mtu apandaye baiskeli wapate njia yao, isiyokatika katikati, isiyozama maji wakati wa masika, wala isiyonyang'anywa na mwenye nguvu zaidi? Wengi wamekwisha kulijibu, aghalabu kwa ufupi na kwa hasira, kila mmoja akinena kutoka pale aliposimama: mwenye gari kutoka ndani ya gari, mchuuzi kutoka nyuma ya meza yake, na mhandisi kutoka mbele ya ramani. Mimi nimependa kuwakusanya katika karatasi hii watu watano ambao shauri hili huwagusa, niwakalishe baraza moja Magomeni Mapipa, hatua chache kutoka Barabara ya Morogoro, niwatilie kahawa ambayo, kwa kuwa ni ya karatasi, haitampunguzia mtu chochote mfukoni, kisha niwaache waseme. Sikuwapa majina, kwa sababu kila mmoja wao ni wengi. Mwalimu ni bibi mstaafu aliyeongoza shule ya msingi. Mhandisi amepata kusimamia ujenzi wa barabara za jiji. Mchuuzi ni mama auzaye machungwa na maji ya chupa kando ya kituo. Kijana hununua samaki katika soko la Feri alfajiri akawapeleka Manzese kwa baiskeli. Na Tajiri ni mzee mwenye duka la vitambaa Kariakoo na magari mawili ya kutembelea.

MHANDISI: Kabla hatujaanza kulaumu, tukiri lililotendeka. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kuchukua abiria mwezi wa Mei 2016, kutoka Kimara mpaka Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, mwendo wa kama kilomita 21 kwa jumla, hayakujengewa njia yao peke yake. Kando ya barabara hiyo hiyo, kwa sehemu kubwa ya urefu wake, ziliwekwa njia za waenda kwa miguu na za baiskeli, zikainuliwa na kutengwa na magari, jambo ambalo halikupata kutendeka kwa kadiri hiyo katika barabara yoyote ya jiji letu. Walimwengu waliliona, wakatupa tuzo ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, nasi tukawa jiji la kwanza la Afrika kuipokea. Basi mtu asiniambie kwamba wahandisi wa nchi hii hawajui kuwa binadamu ana miguu.

KIJANA: Bwana Mhandisi, mimi sisemi kuwa hamjui. Nasema njia hiyo mmeijenga ili ipigwe picha, hamkuijenga ili ipitiwe mpaka mwisho. Natoka Feri na tenga la samaki kwenye keria, limefungwa kwa mpira wa tairi, maji ya barafu yakinichuruzikia miguuni, na samaki hawa hawanisubiri, kwa kuwa jua likipanda nao huanza kuharibika. Nikiipata njia yangu huipanda kwa furaha. Lakini kila nikaribiapo njia panda, mahali pale hasa ambapo bajaji zinakata kushoto na lori linakata kulia, njia yangu hufa. Hushuka kwenye ukingo uliovunjika, ikatokomea mchangani, nami nikabaki katikati ya magari nikitafuta inakofufukia upande wa pili. Mahali palipo shwari nimelindwa, na mahali pa hatari nimeachwa kwa Mungu. Nikiivuka salama namkuta bodaboda ananijia uso kwa uso, kwa sababu naye ameona njia yangu haina foleni.

MHANDISI: Hilo la njia panda ni kweli, wala silikatai. Katika makutano nafasi ni finyu, na kila anayepita huitaka kwa wakati mmoja. Sisi tulifunzwa kuhesabu magari yanayopita kwa saa, tukapewa kanuni ya kupima msongamano wake. Hatukufunzwa kumhesabu mtu aliyesimama kando akingoja nafasi ya kuvuka. Asiyeingia katika hesabu haingii katika mchoro.

TAJIRI: Na kwa nini aingie katika mchoro mbele yetu sisi? Nasema kwa insafu, wala sina kinyongo na mwenye baiskeli. Mimi mwenyewe nilianza biashara nikiwa juu ya baiskeli ya Swala, nikisambaza khanga mpaka Temeke. Lakini barabara hugharimiwa na Mfuko wa Barabara, na mfuko huo hujazwa na tozo ya mafuta, na mafuta ni sisi tunaoyanunua. Mtu akichanga pilau hula pilau. Fauka ya hayo, baiskeli ni chombo cha mpito: kijana huyu akifanikiwa, neno la kwanza atakalolifanya ni kuiuza akanunua pikipiki, na baada ya pikipiki, gari. Mtaijenga njia hiyo kwa miaka kumi, na siku mtakayoimaliza wenye kuihitaji watakuwa wamekwisha kuondoka juu yake.

MWALIMU: Mzee wangu, hesabu yako ina tundu. Katika bajeti ya mwaka 2017 ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa, ninyi wenye magari mkapumua, na badala yake ushuru ukaongezwa shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta. Mafuta yapi? Petroli, dizeli, na mafuta ya taa. Bibi wa Mburahati ambaye hajapata kushika usukani tangu azaliwe, anayepikia jiko la utambi, alianza tangu siku ile kukulipia sehemu ya leseni yako, Mzee, wala hukumpelekea hata salamu. Ikiwa aliyechanga ndiye alaye pilau, basi mpishie.

Hapa baraza lilicheka, na Tajiri pia alicheka, maana ni mtu muungwana. Walakini yafaa niseme, kwa kuwa mwandishi hana budi kuwa kadhi hata asipoombwa, kwamba hoja yake ya pili haikujibiwa, nayo ina uzito kuliko ile ya kwanza. Ni kweli kwamba watu wetu wengi huendesha baiskeli kwa kukosa, si kwa kupenda, na kwamba kijana akipata pikipiki huiona baiskeli kuwa ni dhiki aliyoivua. Jawabu ninaloliona mimi ni kwamba miguu haiuzwi. Mwenye pikipiki ataegesha na kutembea, mwenye gari vilevile, na abiria wa mwendokasi, hata awe amevaa tai, ni mwenda kwa miguu kabla hajapanda na baada ya kushuka. Kwa hiyo anayetaka kuujua ustaarabu wa barabara zetu na amtazame kwanza yule anayetembea, na baiskeli ije nyuma yake.

MWALIMU: Nami niseme la watoto, kwa kuwa ndilo lililonileta. Shule niliyoiongoza lango lake lilitazama barabara ya lami, na kila mchana kengele ikilia roho yangu ilikuwa haitulii mpaka watoto wa darasa la kwanza wamekwisha kuvuka. Sheria yetu ya usalama barabarani inasema mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Lakini mtoto mdogo akigongwa kwa mwendo huo hatari ya kufa ni kubwa zaidi, ilhali akigongwa kwa kilomita 30 aghalabu huumia akapona. Basi hatuhitaji maajabu. Shirika la Amend lilifanya kazi hapa Dar es Salaam katika shule ambazo watoto wake hugongwa sana: likajenga njia fupi za miguu, likaweka matuta na vigingi na vivuko vya pundamilia, na pengine likalihamisha lango la shule kutoka barabara kubwa likalielekeza uchochoroni. Watafiti walipopima waliona kwamba majeruhi wamepungua kwa kadiri ya robo, na mwaka 2019 kazi hiyo ikapata tuzo ya WRI Ross, ikishindana na miradi ya miji mikubwa ya dunia. Hata hivyo mambo hayo yote ukiyajumlisha hayakaribii gharama ya daraja la juu la Ubungo.

MHANDISI: Mwalimu, daraja la Ubungo lilikuwa la lazima. Barabara tatu zinakutana pale, ya Morogoro, ya Mandela na ya Sam Nujoma, na kabla halijafunguliwa mwaka 2021 magari ya mikoani yalikuwa yakisimama muda mrefu.

MWALIMU: Sikusema halikuwa la lazima, mwanangu. Nimesema gharama yake. Na ukilitaja hilo la madaraja, nitajie pia yale ya kupandia watu. Manzese Darajani pamepata jina lake kwa sababu ya daraja la waenda kwa miguu, wala sikatai kwamba limeokoa roho. Lakini mwambie mjamzito, au mzee kama mimi mwenye magoti mabovu, au mama aliyejitwika ndoo, apande ngazi zote zile na kuzishuka, ili gari lenye mtu mmoja ndani lisipunguze mwendo. Ataangalia huku na huku, apite chini. Na akigongwa mtasema amekaidi.

TAJIRI: Haya, tukubali. Lakini kila mnapotaka kutuaibisha mnatutajia Wazungu. Nimesoma habari za Uholanzi na baiskeli zao. Wao wamezaliwa nazo.

MWALIMU: Hawakuzaliwa nazo peke yake, walizirudia. Katika miaka ya 1950 na 1960 nao walipenda magari wakasahau mengine yote; wakabomoa mitaa ili yapite. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani katika nchi ile ndogo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakatoka njiani, wakaunda chama cha kudai mauaji ya watoto yakomeshwe, na njia za baiskeli unazozisoma zikaja baada ya matanga hayo.

KIJANA: Na Bogotá je? Si ndiko tulikouiga mwendokasi? Nasikia huko tangu mwaka 1974 hufunga barabara kubwa kila Jumapili, zaidi ya kilomita 100, wakawaachia watu na baiskeli.

TAJIRI: Bogotá! Mji ulio juu ya mlima, mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, ambako watu huvaa masweta mchana! Hapo ndipo ninyi wapenzi wa baiskeli mnaponichosha. Njooni Februari, saa saba mchana, mtembee kutoka kituo cha Fire mpaka Magomeni mkipitia Jangwani, pale ambapo hakuna hata kivuli cha nguzo, kisha mniambie habari za Bogotá. Mtu akifika ofisini shati limemganda mgongoni, nani atampa kazi?

Tajiri amesema kweli tupu, na ni ajabu kuwa katika michoro mingi ya barabara zetu jambo hili halitajwi ila kama pambo. Njia ya miguu ya pwani isiyo na kivuli ni njia ya asubuhi na jioni tu. Mchana ni ukuta. Kila barabara inapopanuliwa kitu cha kwanza kuangushwa ni mti, mwarobaini au mkungu uliopandwa na watu waliokwisha kufa kwa ajili ya watu ambao hawakuwajua, na kitu cha mwisho kurudishwa ni huo huo mti, ukirudishwa kama mche mwembamba usiotiliwa maji. Laiti ningekuwa na amri, ningeandika katika mkataba wa kila mkandarasi kwamba hatalipwa fungu la mwisho mpaka miti aliyoipanda itakapokuwa imevuka kiangazi kimoja ikiwa hai. Bamba moja la zege likivunjika hubandikwa jingine wiki ile ile, kivuli hakibandikwi.

MCHUUZI: Mmenizunguka kwa adabu, lakini najua mtafika kwangu, basi bora nijilete. Ninyi mnasema njia imenyang'anywa, na macho yanatazama meza yangu. Haya. Mwezi wa Desemba 2018 tuliambiwa mchuuzi mdogo alipe shilingi 20,000, apewe kitambulisho, asibughudhiwe na mtu. Tukalipa. Oktoba 2021 tukaambiwa tuondoke kando ya barabara, twende tulikopangiwa. Wengine tukaenda. Mnakujua kulikopangwa? Ni kule ambako hakuna mtu apitaye. Walijenga Machinga Complex pale Ilala, jengo zima la ghorofa, likakamilika mwaka 2010, na wenzangu kwa miaka mingi walilikimbia, si kwa ukaidi, bali kwa kuwa mtu aliyechoka, anayekwenda kituoni, hapandi ghorofa kutafuta chungwa. Mimi biashara yangu ni miguu ya watu. Ikipita hapa, nami nipo hapa.

KIJANA: Mama, nakuelewa, lakini siku ile mwavuli wako uliponinasa shingo...

MCHUUZI: Nilikupa maji na pole, mwanangu, wala sikukudai machungwa yaliyomwagika. Nisikilize. Usiku kukiwa kiza, taa hazitoshi, wasichana wanaoshuka kwenye mwendokasi saa nne hupita upande gani? Upande wenye meza zetu na vibatari vyetu. Tulipoondolewa walikuwa wakikimbia. Kwa hiyo sisi pia ni sehemu ya usalama wa njia hiyo, mpende msipende.

Nimelisikiliza baraza hili kwa makini, na yamkini wasomaji wangu wameona kama nilivyoona. Mchuuzi na Kijana, pamoja na Mwalimu apitaye kati yao na mwavuli wake, wanagombania ukanda wa mita mbili au tatu kando ya barabara. Na huko katikati, njia mbili za magari zinakwenda, mbili zinarudi, kila moja ikiwa pana kuliko ukanda wote ule wanaoumizana kwa ajili yake, na nje ya hizo, magari yameegeshwa juu ya ardhi ya umma yakilala kutwa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipa barabara kuu hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Watu wamebomolewa nyumba kwa ajili ya hifadhi hiyo. Hapana budi kuuliza, basi, iwapo ardhi yote hiyo ilitwaliwa kwa jina la umma, kwa nini umma unaotembea ubaki unapigania mabaki. Wazee walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Hapa ni nyasi zinazopigana, na tembo ameegeshwa kivulini.

TAJIRI: Nimesikia fumbo. Gari langu huegeshwa mbele ya duka langu, ni kweli, na ni kweli magurudumu mawili yanapanda njia ya miguu. Lakini nikiliondoa, jirani yangu ataweka lake pale pale kabla injini yangu haijapoa.

MHANDISI: Hapo umefika kwenye kidonda chenyewe, Mzee. Barabara kubwa ni za wakala wa TANROADS. Za mitaa, tangu mwaka 2017, ni za wakala wa TARURA. Uchuuzi na usafi ni wa halmashauri. Bodaboda na maegesho mabaya ni ya askari wa usalama barabarani. Siku ya kukabidhi mradi sote tunasimama mbele ya utepe. Siku ya pili, mchanga ukiifunika njia ya baiskeli baada ya mvua, hakuna mwenye ufagio. Nimepata kuona kigingi kilichogongwa kikalala miezi mingi, kila ofisi ikiwa na hakika ni cha jirani yake.

MWALIMU: Basi msianze tena na kilomita 21. Anzeni na mita mia tano. Chukueni njia tatu tu za kila mtaa: ya kwenda shuleni, ya kwenda sokoni, ya kwenda kituoni. Hizo ndizo watu wanazozitembea kila siku, nazo ndizo zenye mitaro iliyo wazi na mashimo ya maji machafu. Mtoto haanzi safari yake Barabara ya Morogoro.

KIJANA: Na bondeni Msimbazi? Wanasema mto utatengenezwa, iwe bustani ya jiji pale chini, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Nyumba nyingi zimekwisha kuondolewa. Ikiwa kweli, tuwekeeni njia ya baiskeli humo humo bondeni, mbali na malori. Ningetoka mjini mpaka Kigogo bila kupigiwa honi hata moja.

MHANDISI: Bonde hilo hufurika, kijana. Mara ngapi Jangwani hufungwa wakati wa masika? Lakini njia ya miguu si nyumba. Maji yakija hupisha, yakienda hufagiliwa. Hilo nalichukua. Na hilo la mita mia tano nalichukua kabla yake. Tuseme mtaa huu wetu, kutoka lango la shule mpaka kituo cha mwendokasi: magari yapite upande mmoja tu, maegesho yahamishwe, nafasi itakayopatikana igawanywe, ya kutembea ndani, ya meza nje kando ya miti. Rangi, vigingi na matuta tu kwanza, zege baadaye.

TAJIRI: Miezi mitatu. Na mkaone mauzo ya maduka kabla na baada. Yakishuka, mnirudishie mtaa wangu.

MWALIMU: Isiwe miezi mitatu ya kiangazi peke yake. Ngojeni masika, kisha ndipo mhukumu.

TAJIRI: Miezi sita, basi, masika ndani. Na gari langu nitaliegesha uani.

MCHUUZI: Mmegawana vizuri sana, na mimi mmeniweka nje kando ya miti ambayo haijapandwa. Bwana Mhandisi, hiyo ramani utakayochora, meza zetu ziwemo kwa namba, kila moja na mahali pake, kabla rangi haijanunuliwa. Kitambulisho ninacho, na najua kilinifaa siku ngapi. Chora kwanza, uje unionyeshe, kisha ndipo nitakapotia sahihi yangu chini ya zenu.